Mizani Haihesabiwi kwa Macho: Safari Yetu ya Kisumu hadi Mombasa

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Nami naongeza kuwa kutembea kwingi ni kusikia mengi. Mpenzi msomaji, kabla sijafika mbali nakiri jambo ambalo wenzangu wa Kidato cha Tatu wanalijua vizuri: mimi nilikuwa adui wa mashairi. Mwaka jana katika swali la ushairi nilipata alama 4 kwa 20. Kikifika kipindi cha arudhi, usingizi unanibeba. Jirani yangu wa dawati naye alikuwa na msemo wake: "Mashairi ni ya watu wa pwani, sisi watu wa ziwani tuachiwe samaki." Darasa zima linacheka, nami nacheka kuliko wote, maana msemo ule ulinipa pa kujificha. Makala haya yanaeleza jinsi nilivyoacha kucheka, na ndani yake mna somo la mizani litakalokufaa wewe pia.

Likizo ya Agosti ilipofika, tulikuwa wanachama wanne tuliofaulu kupata nauli: Katibu, Mweka Hazina, jirani yangu wa dawati, na mimi. Tulikuwa tumeuza karanga kwa mihula miwili kila siku ya michezo. Zangu zilipungua, na mamangu, ambaye huuza omena sokoni, akanijalizia. Aliponipa zile pesa aliniambia, "Nenda, lakini usirudi mikono mitupu." Maneno hayo yalinikaa rohoni njia nzima. Mwalimu Mlezi ndiye aliyetuongoza, na mjomba wa Mweka Hazina, anayeishi Mombasa, akakubali kutupa malazi.

Jogoo wa kwanza alipowika tulikuwa stendi. Basi likang'oa nanga, sisi hao! Kutoka Kisumu hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 800, yaani unaikata nchi kutoka ziwa hadi bahari. Ahero tuliona mashamba ya mpunga. Redio ya dereva ilikuwa ikipiga benga na gita linalialia, abiria wakitikisa vichwa. Tulipoingia Kericho, majani ya chai yametandazwa kama zulia, Mwalimu Mlezi aligeuka akatuuliza, "Nani anajua Chemirocha?" Kimya.

Akatueleza. Mwaka wa 1950 mtafiti Hugh Tracey alirekodi nyimbo katika nchi ya Wakipsigis. Miongoni mwazo ulikuwamo wimbo wa wasichana ulioitwa "Chemirocha". Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika huko. "Sasa sikieni," Mwalimu akasema. "Ulimi wa Mkipsigis haukulibeba jina lile kama lilivyoandikwa. Ulilibeba kama lilivyosikika, ukalikata vipande: che-mi-ro-cha. Vingapi?" Tukasema vinne. "Hivyo vipande ndivyo silabi. Na silabi katika shairi ndiyo mizani." Mimi nikaandika daftarini, lakini kusema kweli sikuona jipya. Nilidhani kuhesabu najua, shida yangu ni bahati mbaya tu.

Tukapita Nakuru, tukateremka Naivasha, tukafika Nairobi mchana jua likiwa utosini. Tukabadilisha basi. Mtito Andei, ambapo ni kama katikati ya Nairobi na Mombasa, tulikula chapati na maharagwe huku makanga akitupigia kelele tuharakishe. Giza lilitukuta Voi. Kufika Mazeras hewa ilibadilika, ikawa nzito yenye joto. Tuliingia Mombasa usiku wa manane, miguu imevimba kama mihogo.

Kesho yake mjomba alitupeleka Mji wa Kale, si mbali na Ngome ya Yesu, ile iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka wa 1593. Alitaka tumwone jirani yake wa zamani, mzee mpigaji udi. Tukamwamkia, "Shikamoo, Babu." "Marahaba, wanangu. Karibuni, kaeni kitako."

Tulikaa mkekani. Babu alitueleza kwamba neno taarabu lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni ile hali ya moyo kuguswa na muziki. Alitukumbusha kuwa Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri hadi Bombay mwaka wa 1928 kurekodi nyimbo kwa Kiswahili. Akaja kwa Mombasa yenyewe. Alimtaja Juma Bhalo, aliyefariki mwaka wa 2014, aliyependa lahani za Kihindi, na Zein l'Abdin, aliyefariki mwaka wa 2016, bingwa wa udi. Kisha akasema jambo lililonishtua: nyingi za nyimbo za Juma Bhalo zilitungwa na Ahmad Nassir, ndiye yuyo huyo mshairi wa Malenga wa Mvita! Kumbe mtu ambaye mimi namjua kwa kitabu cha maktaba, huku watu walimjua kwa kuimbwa arusini.

Basi Mweka Hazina, kwa uchokozi wake, akasema, "Babu, huyu ametunga shairi kwenye basi." Ni kweli nilikuwa nimetunga ubeti mmoja nikajaribu mizani 8 kwa 8. Babu akachukua udi wake wenye nyuzi 11, akaniambia niimbe. Mshororo wangu wa kwanza ulikuwa hivi:

Tulianza safari, tukatoka ufukweni

Masalale! Sauti yangu ilifika mwisho wa kipande cha kwanza kabla ya udi. Nikarudia, yakawa yale yale. Babu akazuia nyuzi kwa kiganja.

"Waimba au wahisabu?"

"Nahesabu, Babu."

"Basi wahisabu vibaya. Umekula moja."

Nikamwonyesha daftari: tu-li-a-n-za-sa-fa-ri, nane. Akakataa kutazama. "Piga makofi," akasema. Nikapiga huku nikitamka: tu-li-a-nza-sa-fa-ri. Makofi saba! Nilikuwa nimeigawa "nza" mara mbili kwa sababu jicho liliona herufi tatu. Babu akasema, "Mwimbaji hodari aweza kuvuta sauti akaliziba pengo. Lakini mshairi asimwachie mwimbaji deni."

Mpenzi msomaji, hapa ndipo penye somo. Mwalimu Mlezi alituandikia hivi usiku ule:

Kwanza, nz, nd, mb, ng, nj na mw zinapofuatwa na irabu huwa silabi moja. Ndu-gu ni mizani 2, mbu-zi ni 2, mwa-li-mu ni 3.

Pili, m inayotokana na mu- ya zamani husimama peke yake. M-toto si mbili, ni tatu: m-to-to. M-ti ni mbili.

Tatu, mkazo wa Kiswahili huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ndiyo sababu katika n-chi na m-bu, yule mdudu, mkazo huangukia n na m, nazo zikawa silabi kamili. Linganisha m-bu na mbu-zi, utasikia tofauti.

Nne, ukiwa na shaka, tamka na upige kofi. Sikio ndilo hakimu.

Nilirekebisha neno moja tu. Huu hapa ubeti wangu, wa mishororo mitatu, yaani tathlitha:

Tulianza kusafiri, tukatoka ufukweni
Njiani tukafikiri, tuendako kuna nini
Kumbe udi na shairi, ni ndugu tangu zamani

Hesabu kwa makofi: ukwapi 8, utao 8. Kina cha kati ni -ri, cha mwisho ni -ni. Safari hii nilipoimba, mimi na udi tulifika pamoja. Nywele zilinisimama.

Lakini lililobaki moyoni zaidi lilitokea baadaye. Babu alituuliza, "Na nyinyi kwenu mwapiga nini?" Tukatazamana. Ndipo jirani yangu wa dawati, yule wa samaki, akasema polepole kuwa babu yake hupiga nyatiti. Miaka mitatu tumekaa dawati moja, hajawahi kuniambia! Alieleza kuwa nyatiti ina nyuzi 8, na mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu akiigonga kwenye ubao wa ala, huku njuga zikilia mguuni. Babu akamwambia aonyeshe. Hakuwa na nyatiti, hivyo akapiga kigoda kwa vidole, kisigino kikigonga sakafu, akaimba kwa Kijaluo sifa za babu yake. Babu akainamisha kichwa, akasikiliza, halafu taratibu udi ukaanza kumfuata. Katibu alitoa machozi. Mimi sitasema kama nilitoa.

Wimbo ulipokwisha Babu akasema, "Mwajua mambo, nyie. Nani aliyewaambia mashairi ni yetu peke yetu?" Jirani yangu hakujibu. Wala mimi sikujibu, ingawa tulimjua aliyetuambia. Ni sisi wenyewe.

Tulirudi Kisumu kwa njia ile ile ndefu. Mama alinipokea akanitazama mikono. Nilikuwa sina leso wala halua, pesa ziliisha Mtito Andei. Nikamwambia, "Mama, kaa kidogo usikilize." Nikamwimbia ule ubeti, napiga makofi polepole. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Hiyo umetunga wewe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Rudia."

Wanachama wenzangu, msiogope ushairi. Ukipewa shairi, usilikodolee macho. Litamke, lipigie makofi, ukiweza liimbe. Na jirani yangu ameahidi kuleta nyatiti ya babu yake siku ya chama. Njooni tusikie Kiswahili kikiimbwa kwa nyuzi nane, maana mwacha asili ni mtumwa.

Kiswahili kitukuzwe!