Leseni ya Lori Haitoshi Kuvuta Trela

Malori yanayopeleka chakula na vifaa Kakuma, Kalobeyei na hata Sudan Kusini hupita Lodwar kila siku, na vijana wengi wa Turkana wanatamani kuyaendesha. Baadhi yao huanza kama utingo na kujifunza usukani kando ya dereva. Kinachowakwamisha baadaye ni herufi zilizo kwenye leseni.

Leseni ya gari dogo ni ya daraja la B. Haimruhusu mtu kuendesha lori, hata likiwa tupu, hata ikiwa ni kulisogeza tu hadi kituo cha mafuta. Lori dogo ni C1, la wastani ni C. Anayevuta trela kwa lori kubwa anahitaji CE, na hapa ndipo wengi hukosea: dereva wa C akifungiwa trela hiyo nyuma, leseni yake haimtoshi tena.

Trela ina tabia zake. Hukata kona kwa ndani, hivyo bodaboda au mbuzi aliye ukingoni yumo hatarini hata kichwa cha lori kikishapita. Wakati wa kurudi nyuma, usukani ukizungushwa kulia trela huelekea kushoto. Breki zikikanyagwa ghafla kwenye laga yenye matope, trela inaweza kukisukuma kichwa na gari zima kujikunja katikati ya barabara. Hayo hayafunzwi kwa kutazama.

Mwanafunzi husomea shule ya udereva iliyosajiliwa, hupimwa, kisha hupanda daraja moja baada ya jingine. Gari likiwa kubwa, umri na uzoefu unaotakiwa huongezeka. Maombi hufanywa kwenye eCitizen na leseni hutolewa na NTSA, si serikali ya kaunti. Anayedai kuuza leseni kwa niaba ya kaunti ni tapeli.

Wenye malori nao wasikilize. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Trafiki kinamgusa pia anayemruhusu mtu asiye na leseni ya daraja husika kuendesha gari lake. Mfanyabiashara anayemkabidhi binamu yake ufunguo kwa sababu dereva ni mgonjwa anaweza kushtakiwa pamoja naye, na ajali ikitokea, bima huenda ikakataa kulipa.

Kabla ya safari, wote wawili watazame leseni: imeandikwa madaraja gani, na muda wake unaisha lini.