Wapashtuni: Dini, Ada na Vita



Somo la toleo hili limetokana na swali. Tangu Desemba 2022, utawala wa Taliban ulipowafungia wanawake wa Afghanistan milango ya vyuo vikuu, dada zetu hapa chuoni wamekuwa wakiulizwa na wanafunzi wenzao: "Hivi dini yenu ndiyo inasema hivyo?" Wapo wanaojibu kwa hasira kwamba hizo ni propaganda za nchi za Magharibi. Wapo wanaonyamaza. Jibu la kwanza si kweli, maana amri ilitolewa na ikatekelezwa. La pili linamwachia muulizaji ajijibu mwenyewe, na sote tunajua atajijibu nini. Ili tujibu kwa elimu, hatuna budi kwanza kuwafahamu Wapashtuni, kabila ambalo viongozi wengi wa Taliban wanatokana nalo.

Wapashtuni ni makumi ya mamilioni ya watu wanaoishi pande mbili za mpaka wa Afghanistan na Pakistan, na walio upande wa Pakistan ni wengi zaidi. Mpaka huo huitwa Durand, kwa jina la Mwingereza aliyekubaliana juu yake na Amiri Abdur Rahman mwaka 1893. Ulipita katikati ya koo na malisho yao. Sisi ambao mipaka yetu ilichorwa na Wazungu hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Walio wengi kabisa ni Sunni wa madhehebu ya Hanafi. Husimulia kwamba babu yao wote, Qais Abdur Rashid, alikwenda Madina akasilimu mbele ya Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Wanahistoria hawaipokei habari hiyo kama tukio lililothibitishwa, lakini tazama inavyofanya kazi katika fikra za watu: Mpashtuni hakumbuki zama ambazo alikuwa Mpashtuni bila kuwa Mwislamu. Basi lolote alilolikuta kwa babu zake ni rahisi kwake kulidhania kuwa ni dini.

Waliyoyakuta kwa babu zao yana jina: Pashtunwali, yaani njia ya Kipashtuni. Ni kanuni zisizoandikwa, zinazosimamiwa na baraza la wazee liitwalo jirga. Ndani yake mna mambo mazuri mno. Melmastia ni kumkirimu mgeni bila kutaraji malipo. Nanawatai ni kumpa hifadhi anayekimbilia kwako, hata akiwa ni adui aliyekuja kuomba msamaha mlangoni. Na mna badal, yaani kisasi, ambacho kinaweza kurithiwa na wajukuu. Juu ya yote hayo iko heshima ya mwanamume, nayo imefungwa kwa wanawake wa nyumbani mwake: mwenendo wao, kuonekana kwao, hata kutajwa majina yao mbele ya watu wasiowahusu.

Hapa ndipo penye kazi ya mwanafunzi wa Sharia.

Chukua mfano wa swara, kama iitwavyo huko Khyber Pakhtunkhwa, au baad kama wanavyosema Afghanistan. Mtu wa ukoo mmoja ameua mtu wa ukoo mwingine. Jirga inakaa. Ili damu isiendelee kumwagika, ukoo wa muuaji unatoa msichana aolewe katika ukoo wa aliyeuawa. Wakati mwingine bado ni mtoto. Haulizwi, na anaingia katika nyumba ambayo kila anapopita anawakumbusha wenyeji maiti wao. Wazee watakuambia, na si uongo, kwamba msichana mmoja ameokoa vijana kumi. Ndiyo maana ada hii imedumu: ina faida inayoonekana, na anayeilipia hana sauti katika baraza.

Sasa ipime. Uislamu unaijua suluhu ya damu. Katika Al-Baqara aya ya 178 mna kisasi, mna msamaha, mna fidia. Lakini fidia ni mali, na binadamu huru si mali. Al-An'am aya ya 164 inatufundisha kwamba hakuna mtu anayebeba mzigo wa dhambi ya mwingine. Dada wa muuaji anabebaje wa kaka yake? An-Nisaa aya ya 19 inaharamisha kuwarithi wanawake kwa nguvu, kama walivyofanya watu wa Jahiliya. Na katika Sahih Bukhari imepokewa habari ya Khansa bint Khidam, ambaye baba yake alimwoza bila ridhaa yake. Alikwenda kwa Mtume (s.a.w.), naye akaibatilisha ndoa ile.

Kuna jambo jingine ambalo huenda likakushangaza wewe uliyesoma fiqhi ya Shafi'i, ambamo nikaha haisihi bila walii. Imamu Abu Hanifa, ambaye Wapashtuni wanamfuata, ndiye aliyeona kwamba mwanamke aliyebaleghe na mwenye akili timamu anaweza kujiozesha mwenyewe kwa mume anayelingana naye. Yaani madhehebu yao, katika jambo hili, yanampa mwanamke nafasi pana kuliko yetu. Ada yao ndiyo inayomnyima.

Wanazuoni na mahakimu wa huko hawakulinyamazia jambo hili. Pakistan ilifanya swara kuwa kosa la jinai mwaka 2004, na Oktoba 2021 Mahakama ya Shirikisho ya Sharia ikatamka kwamba inapingana na Uislamu. Desemba hiyohiyo ya 2021, kiongozi mkuu wa Taliban, Hibatullah Akhundzada, alitoa amri kwamba mwanamke si mali, ni binadamu huru. Asitolewe kwa ajili ya suluhu. Asiozwe bila ridhaa. Na mjane apewe mahari yake na fungu lake la mirathi. Ndugu msomaji, usome mara ya pili ukipenda. Ni watu walewale. Waliposhika Sharia dhidi ya ada, walisema jambo ambalo mwanamke wa kijijini alikuwa na haki ya kulisikia miaka mingi nyuma.

Amri hiyo iligusa mirathi kwa sababu jeraha hilo ni kubwa. An-Nisaa aya ya 7 imewawekea wanawake fungu lao, liwe dogo au kubwa, na bado katika vijiji vingi vya Wapashtuni dada "huwasamehe" kaka zake ardhi, maana akidai atahesabiwa kuwa amewavunjia heshima. Vivyo hivyo mahari: Qur'ani imeyafanya kuwa ya mke, lakini kuna malipo yaitwayo walwar ambayo huenda kwa baba. (Kabla hujawacheka, kaulize shamba la babu yako liligawanywa vipi, na shangazi zako walipata ngapi.)

Basi kama viongozi hao wanaweza kuipinga ada kwa Sharia, mbona wakafunga shule? Hapa ada peke yake haitoshi kuwa jibu. Lazima tuingize vita.

Waingereza walipotawala upande wa mashariki walitunga kanuni za mpakani za mwaka 1901, zilizoipa jirga nguvu ya dola na kuruhusu kabila zima kuadhibiwa kwa kosa la mtu mmoja. Maeneo ya kikabila yalibaki chini ya kanuni hizo hadi yalipounganishwa na mkoa wa Khyber Pakhtunkhwa mwaka 2018. Huko Kabul, Mfalme Amanullah alifungua shule ya wasichana mwaka 1921 na kutunga sheria za ndoa. Mwishoni mwa 1928 Wapashtuni wa Shinwari wakaasi, na mwezi Januari 1929 akaondoka madarakani. Wakomunisti walipopindua serikali mwaka 1978, wakaingilia ndoa na mahari kwa amri, na kuwalazimisha wanawake wa vijijini kuingia madarasa ya kisomo. Uasi ukawaka, na Desemba 1979 jeshi la Kisovieti likaingia. Mwaka 2001 wakaja Wamarekani, nao wakiutaja uhuru wa mwanamke wa Kiafghani kama mojawapo ya sababu. Karibu kila mara shule ya msichana ilifika kijijini ikiwa nyuma ya bunduki ya mtu wa mbali, na ikawa alama ya adui.

Katikati ya hayo, zaidi ya watu milioni tatu walikimbilia Pakistan. Mwanamke aliyekuwa akitoka kijijini kwenda shambani na chemchemi, kati ya jamaa zake, sasa alikuwa katika kambi iliyojaa wageni. Akafungiwa ndani ya hema kuliko alivyowahi kufungiwa. Wanawe wakapelekwa madrasa za bweni, wakakua kati ya wanaume watupu. Taliban walipojitokeza Kandahar mwaka 1994, wengi wa wapiganaji wao walikuwa vijana hao.

Isidhaniwe kwamba hapakuwa na njia nyingine. Abdul Ghaffar Khan, Mpashtuni wa Utmanzai, alianzisha shule kuanzia mwaka 1910, na mwaka 1929 akaunda Khudai Khidmatgar, watumishi wa Mungu, walioapa kuacha kisasi na kupambana na Waingereza bila silaha. Alihimiza binti wasomeshwe, na hakuna aliyeweza kumwita kibaraka wa wageni, kwa maana wageni hao ndio waliokuwa wakimfunga jela.

Turudi kwenye amri ya Desemba 2022. Waziri wa elimu ya juu alipojieleza kwenye televisheni, alitaja mavazi na mchanganyiko wa wanaume na wanawake, kisha akataja masomo kama uhandisi na kilimo, kwamba hayaafikiani na heshima ya wanafunzi wa kike na utamaduni wa Kiafghani. Utamaduni! Sheikh wa Al-Azhar, Ahmad al-Tayyib, alitamka kwamba uamuzi huo unapingana na Sharia, na Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu nayo ikaupinga.

Na utamaduni wenyewe ulikuwa umeshasema. Gardez ni mji katika mkoa wa Paktia, mahali ambapo jirga bado ina uzito. Shule za sekondari za wasichana zilikuwa zimefungwa nchi nzima. Mwanzoni mwa Septemba 2022 baadhi yake zilifunguliwa hapo, na waliotaka zifunguliwe ni wazee wa makabila. Siku chache baadaye wasichana walifika asubuhi na vitabu vyao, wakarudishwa nyumbani. Hawakwenda. Waliingia mitaani na sare zao za shule, wakaandamana katikati ya mji.