Wanaojitolea mtandaoni wanatafuta nini?

Sauti za Kidawida, lugha ya Wataita wa Kenya, sasa zimo katika Common Voice, hazina ya sauti ya Mozilla ambayo yeyote anaweza kuitumia kuifundisha kompyuta kuelewa usemi wa watu. Zilifika huko kupitia mradi wa mwaka mmoja wa watafiti wa Kenya, ulioshughulikia pia Kikalenjin na Kijaluo. Wazungumzaji asilia walirekodiwa wakiongea, mazungumzo yakaandikwa na kutafsiriwa kwa Kiswahili, na maandishi mengine yakasomwa kwa sauti. Kwa kata kama Marungu, huko Voi, jambo hili liko karibu kabisa na nyumbani, na linazua maswali kuhusu kujitolea mtandaoni.

Kwa nini mtu atoe muda na bando lake bila kulipwa?

Mwaka 2007 mtafiti Oded Nov alichapisha matokeo ya dodoso lililojibiwa na wahariri 151 wa Wikipedia ya Kiingereza. Aliwauliza kuhusu mambo kadhaa: raha ya kazi yenyewe, imani kwamba maarifa yawe huru, hamu ya kujifunza, urafiki, matumaini ya ajira. Raha na imani ndizo zilizoongoza.

Lakini alipolinganisha majibu na saa za kazi, picha ilibadilika. Waliosukumwa na raha ndio waliofanya kazi zaidi. Ukubwa wa imani haukuendana na wingi wa saa. Mtu anaweza kuamini kwa dhati kwamba elimu ni haki ya wote na asiandike hata aya moja. Anayependa kuandika ndiye anayerudi kesho.

Je, zawadi haziwezi kuwavuta watu?

Huwavuta, tena haraka. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, Google iliendesha shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania. Makala ziliongezeka kwa mamia. Shindano lilipokwisha, wahariri wa siku zote walilalamika kwamba washindani wengi hawakuonekana tena, na kazi ya kusahihisha ikabaki mikononi mwa wachache waliokuwapo tangu awali. Wikipedia hiyo, iliyoanza 2003, imejengwa kwa sehemu kubwa na kundi dogo la watu wasiochoka, na wanastahili shukrani zaidi ya wanazopata.

Kwa hiyo anayejitolea hahitaji chochote?

Anahitaji kuonekana. Mwaka 2012 watafiti Michael Restivo na Arnout van de Rijt waliwachagua wahariri 200 kutoka asilimia 1 ya wachangiaji wakubwa wa Wikipedia, kisha nusu yao wakapewa nyota ya pongezi, picha tu isiyo na thamani ya fedha. Ndani ya siku 90, waliopewa nyota walifanya kazi kwa asilimia 60 zaidi ya wenzao. Aliyewahi kukaa kwenye harambee majina ya watoaji yakisomwa mbele ya watu haoni ajabu.

Mbona wengi huanza kisha hutoweka?

Mara nyingi kwa sababu ya mapokezi. Idadi ya wahariri hai wa Wikipedia ya Kiingereza ilifikia kilele mwaka 2007, kisha ikashuka. Utafiti ulioongozwa na Aaron Halfaker, uliochapishwa 2013, ulionyesha kwamba wageni wengi wenye nia njema walifutiwa kazi yao, mara nyingi kwa msaada wa programu, bila mtu kuwaeleza kosa. Wakaondoka. Mgeni aliyefutiwa kazi aelezwe sababu, na kwa lugha ya heshima.

Je, kampuni hazitanufaika kwa jasho letu?

Zinaweza. Sauti za Common Voice hutolewa bila sharti lolote la haki miliki, na kampuni kubwa inaweza kuzichukua sawa na mwanafunzi wa Wundanyi. Faida ya uhuru huo ni kwamba lugha ndogo haimsubiri mwekezaji aione ina soko. Anayechangia aambiwe hayo kabla ya kufungua kinywa. Kumficha ni kumdhulumu.

Mkazi wa Marungu ana nini ambacho dunia haina?

Anacho kingi. Katika OpenStreetMap, ramani huru iliyoanzishwa 2004, mtu aliye Ulaya anaweza kuchora paa na barabara kutokana na picha za setilaiti. Hawezi kujua silanga, yaani bwawa la maji, inaitwaje, hukauka mwezi gani, wala kama njia fulani hupitika wakati wa mvua. Kenya Bird Map, inayokusanya orodha za ndege tangu 2013, imeigawa nchi katika miraba yenye takriban kilomita 9 kila upande. Mraba unaopata orodha chache unamhitaji mtu anayeishi hapo hapo. Na katika Wikipedia ya Kiswahili, kata nyingi za Kenya zimeelezwa kwa sentensi moja au mbili tu.

Hata hivyo, si kila kinachojulikana kiwekwe hadharani. Mapango ya mafuvu ya wazee wa Kitaita na misitu mitakatifu ya fighi vina wenyewe, na wazee waulizwe kwanza.

Aanzie wapi?

Aanze na jambo dogo analolijua kwa hakika: jina la silanga, kituo cha afya, shule aliyosoma. Kwa Wikipedia atafute kwanza chanzo kilichochapishwa, kwa kuwa kumbukumbu pekee haikubaliki huko. Wawili watatu wakikutana na simu zao Jumamosi mjini Maungu, wagawane kazi na wasomeane walichoandika. Na wewe msomaji, ukimwona jirani ameongeza kitu, mpongeze kwa jina lake.