Wapangaji Wengi, Choo Kimoja

Nyumba nyingi za kupanga za Manzese na Tandale, Dar es Salaam, zina ramani moja: korido katikati, vyumba huku na huku, choo na bafu uani. Kila chumba kina familia yake. Msongamano hauzai vijidudu, ila huvifupishia njia. Kuhama si rahisi kodi ikishalipwa, kwa hiyo zibeni njia hizo, mkianza na mnavyotumia pamoja.

Choo. Kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilianzia Kinondoni, kikasambaa hadi mikoani. Kinyesi cha mgonjwa kikifika kinywani kwa mwenzake, kazi imekwisha. Wekeni kibuyu chirizi cha kunawia mikono mlangoni mwa choo, sabuni mkiifunga kwa kamba. Pangeni zamu ya kusafisha na zamu ya kununua sabuni, maana ugomvi huanzia kwenye sabuni.

Maji. Yachemsheni hadi yatokote kwa dakika moja, kisha myaweke kwenye ndoo yenye mfuniko na koki. Maji salama huharibiwa na mkono unaozama na kikombe.

Hewa. Kifua kikuu na surua husafiri hewani. Mchana fungueni mlango wa mbele na wa uani kwa pamoja ili upepo upite koridoni, na kila chumba kikunje pazia la dirisha. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi akapime makohozi. Matibabu ya kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali. Kagueni pia kadi za kliniki: chanjo ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, kisha 18.

Mtu akianza kuharisha majimaji, mpeni ORS (dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji) na mumpeleke kituo cha afya mara moja, mkiendelea kumnywesha njiani. Kama ORS haipo, korogeni vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa bapa, katika lita moja ya maji safi. Choo alichotumia kipigwe dawa ya klorini kabla mwingine hajaingia.

Mwisho, msisubiri masika ndipo mtapishe choo. Kinyesi kinachoachiwa mvuani huishia kwenye visima vya jirani na uani kwenu wenyewe. Kiangazi, mbaneni mwenye nyumba mchangie gari la kunyonya majitaka, shimo likiwa bado halijafurika.