Usiku, Nani Atamgeuza Mama?



Swali la leo limeletwa na mdogo wetu mmoja wa Kapolowe Gare. Mama yake amepooza upande mmoja wa mwili. Akili yake bado iko sawa, lakini hawezi kujigeuza kitandani. Ndugu wametawanyika: Kolwezi, Lubumbashi, mmoja yuko Ubelgiji. Wamechanga pesa na kutembelea nyumba mbili za wazee mjini. Moja ina vigae vinavyong'aa, jenereta na televisheni kubwa. Nyingine ni jengo la zamani, rangi imebabuka, ila wahudumu wanawajua wazee wote kwa majina. Anauliza: "Yaya, tumpeleke wapi?"

Mdogo wangu, kwanza nikutue mzigo mmoja. Najua watu watasema mmemtupa mama. Katiba yetu ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 40, inasema watoto wana wajibu wa kuwasaidia wazazi wao. Haisemi ni lazima umsaidie chini ya paa lako. Na sote tunajua jinsi familia zetu zilivyofika hapa. Zamani baba akiwa mfanyakazi wa kampuni ya madini ya Gécamines, hospitali ya kampuni ilimtibu yeye na jamaa yake, na posho ilikuwa inatoka. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari, na watoto wao wakatoka kutafuta maisha kokote yalikopatikana. Aliyebaki nyumbani na mzee mara nyingi ni mtu mmoja, amechoka, hana wa kumpokea. Kutafuta msaada ni sehemu ya huo wajibu, mradi msaada wenyewe uwe wa kweli.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Vigae havimgeuzi mgonjwa, wala televisheni haimpeleki chooni. Unapolinganisha nyumba mbili, linganisha watu. Ni wangapi, wamesomea nini, wamekaa pale muda gani, na mikono yao inafanya kazi namna gani.

Piga hesabu ya dakika

Usiridhike mkurugenzi akikuambia, "Tuna wafanyakazi kumi na watano." Ndani ya hao kumi na watano kuna mlinzi, mpishi, mfuaji nguo, mhasibu na yeye mwenyewe. Uliza: wanaomshika mzee kwa mikono yao ni wangapi katika kila zamu?

Australia wameiweka hesabu hii katika kanuni. Tangu Oktoba 2024, nyumba za wazee zinatakiwa kutoa wastani wa dakika 215 za huduma kwa kila mzee kila siku, na katika hizo, dakika 44 ziwe za muuguzi aliyesajiliwa. Mpishi na mfagiaji hawaingii katika hesabu hiyo. Sisi hatuna kanuni kama hiyo, lakini hesabu yenyewe unaweza kuifanya kwenye karatasi ya daftari.

Tuseme nyumba ina wazee 20. Asubuhi wako wahudumu watatu, mchana wawili, usiku mmoja, na kila zamu ni saa nane. Hizo ni zamu sita za dakika 480, jumla dakika 2,880. Gawanya kwa wazee 20: kila mmoja anapata dakika 144 kwa siku nzima, yaani saa mbili na dakika ishirini na nne. Humo mna kuogeshwa, kuvalishwa, kulishwa mara tatu, dawa, choo na kugeuzwa. Fanya hesabu hiyo kwa nyumba zote mbili, uone ipi imebakiza muda kwa ajili ya mama yako.

Uliza habari za usiku

Mchana kila nyumba inapendeza. Wageni wanakuja, sala zinasaliwa, shuka zinaanikwa. Uliza habari za saa nane za usiku. Nani yuko macho? Yuko peke yake na wazee wangapi? Umeme wa SNEL ukikatika, anaona kwa taa gani? Mama akitaka maji, atamwitaje mtu: kuna kengele kitandani, au ni kupiga kelele mpaka jirani aamke?

Kwa mtu aliyepooza, swali hili ni la uhai. Asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa karibu kila saa mbili. Akiachwa na ubavu mmoja tangu jioni mpaka asubuhi, ngozi ya makalio, nyonga na visigino inabanwa, damu haipiti, na kidonda kinaanza. Kwanza ni wekundu tu, au weusi uliozidi ule wa kawaida. Kisha ngozi inapasuka, na kidonda kinaweza kuchimba mpaka kwenye mfupa. Mwambie msimamizi akuonyeshe daftari la kugeuza wagonjwa, lenye saa na jina la aliyegeuza. Nyumba inayofanya kazi hiyo inalo. Kama saa zote zimeandikwa kwa mwandiko mmoja na wino mmoja, kana kwamba zimejazwa kwa mkupuo, umeshapata jibu.

Kanzu nyeupe haitoshi

Kila mtu anaweza kuvaa nyeupe. Uliza muuguzi ni A1 au A2, yaani amemaliza chuo cha juu cha ISTM au amesoma shule ya uuguzi ya ITM, na kama ameandikishwa kwenye chombo cha wauguzi, Ordre des infirmiers, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Siwadharau wasaidizi. Wengi wana mikono mizuri kuliko wenye diploma. Lakini sindano, dozi ya dawa ya presha au sukari, na uamuzi wa kumkimbiza mzee hospitali vinahitaji mtu aliyesomea. Uliza pia muuguzi huyo yuko pale siku ngapi kwa wiki, maana kuna nyumba ambazo jina lake liko ukutani na yeye mwenyewe anapita Jumatano tu.

Halafu, taratibu, zungumza na mhudumu mwenyewe mkiwa pembeni. "Dada, umefanya kazi hapa muda gani? Mshahara unatoka kila mwezi?" Usione haya kuuliza hilo. Nchi yetu inajua kazi isiyolipwa inavyomvunja mtu moyo. Asiyelipwa miezi mitatu atatafuta kibarua pengine, na mama atazoea sura mpya kila mara, mikono mipya isiyojua kwamba bega la kushoto linamuuma. Watu wakidumu kazini, wazee wanafahamika.

Fika saa ya chakula

Hapa ndipo utakapoona mengi kwa muda mfupi. Nenda bila kupiga simu, ukae kimya, utazame mzee mmoja asiyeweza kujilisha. Je, mhudumu amemkalisha wima kabla ya tonge la kwanza, au anamlisha amelala? Samaki ametolewa miiba yote? Bukari, yaani ugali, imelainishwa kwa mchuzi na kukatwa matonge madogo? Anangoja mzee ameze, au anaongeza jingine wakati shavu bado limejaa? Aliyepooza mara nyingi anameza kwa shida. Akilishwa haraka, chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu na kumletea homa kali. Tazama pia kikombe cha maji kimewekwa wapi. Kama mkono wa kulia ndio uliokufa na kikombe kiko kulia, hakuna aliyemfikiria yule mzee.

Sikiliza na lugha. Wazee wetu wengi, umri ukisogea, wanarudi kwenye Kisanga, Kilamba, Kibemba au Kiluba. Katika kila zamu awepo mtu wa kumwelewa mama akisema anaumwa wapi.

Na kuna neno moja ambalo ukilisikia, funga mazungumzo. Mzee akichanganyikiwa usiku, akazungumza peke yake au asimtambue mwanawe, mara nyingi huo ni ugonjwa wa ubongo, au homa, au ukosefu wa maji mwilini. Mhudumu akikunong'oneza kwamba mzee fulani "ni mulozi", yaani mchawi, usimwache mama yako hapo hata kwa siku moja. Wazee wamepigwa na kufukuzwa nyumbani kwa neno hilo.

Na mama akibaki Kapolowe?

Huenda mkimaliza hesabu mtaona pesa hiyo hiyo inatosha kumlea nyumbani. Basi vipimo ni vile vile. Msimwachie wifi mmoja usiku na mchana kisha mkamlaumu. Ajirini mtu wa mchana, na wa usiku kama mnaweza, na kila mmoja awe na siku ya kupumzika. Ombeni muuguzi wa hospitali ya Kapolowe Mission awafundishe kumgeuza, kumnyanyua bila kumvuta mkono uliokufa, na kumlisha. Ndugu wa Ubelgiji alipe mshahara tarehe ileile kila mwezi. Wa Lubumbashi na Kolwezi wapokezane kuja.

Kwa jinsi ulivyoniandikia, moyo wangu unaelekea kwenye lile jengo la zamani, kwa sababu kumjua mzee kwa jina hakuji kwa siku moja. Lakini usichague kwa moyo wangu. Fanya hesabu ya dakika, ulizia usiku, kaa nao saa ya chakula, nyumba zote mbili, kwa maswali yale yale. Na mkimpeleka, pangeni zamu za kumtembelea bila taarifa, na kila anayekwenda afunue shuka atazame visigino na makalio.

Jambo la mwisho ndilo ulilopaswa kuanza nalo. Katika barua yako yote, ndugu wote wametoa maoni, na mama hajaulizwa. Mwili umepooza, akili iko. Mkae naye, mmweleze nyumba zote mbili na ile njia ya kubaki, mumsikilize hadi mwisho. Kama nguvu zinaruhusu, mpelekeni akaone mwenyewe na kuzungumza na wale watakaomwogesha. Neno lake liwe zito kuliko la yeyote aliyechanga.

Yaya wenu