SOMO LA MAPISHI: KUKU NA CHESNATI

Leo tujifunze jinsi Wachina wanavyolisha watu wengi kwa kuku mmoja. Majani ya miti yanapoanza kupukutika, wao huvuna chesnati. Ni kokwa zisizo na mafuta mengi kama karanga, bali zina wanga. Kwa hiyo hushibisha.

1. Tuchanje maganda ya chesnati nusu kilo, tuzichemshe dakika 5, tuzimenye zingali moto. Zikipoa, ngozi ya ndani hung'ang'ania.

2. Tumkate kuku pamoja na mifupa, tumkaange na tangawizi hadi abadilike rangi.

3. Tutie sosi ya soya vijiko 3, sukari kijiko 1, na maji ya kumfunika. Moto uwe mdogo.

4. Baada ya dakika 30 tutie chesnati, tungoje dakika 20. Tukizitia mapema zitapondeka.

Tukizikosa, viazi vitamu vyafaa, navyo vitiwe mwishoni. Kuku aliyekomaa ataka saa nzima kwanza.

Mgeni akibisha hodi, hatuna haja ya kuficha sufuria.

Swali: Ni jirani yupi ambaye hatujamkaribisha mezani mwaka huu?