Faini kwa Bosi, Hasara kwa Kibarua

Nilipoanza somo la sheria ya kazi nilidhani jambo hili ni jepesi: mwajiri akiajiri wahamiaji wasio na kibali, mpige faini, basi. Marekani ilifanya hivyo mwaka 1986, ila mwajiri hubanwa pale tu alipojua. Karatasi zikionekana halali, bosi kapona.

Sasa soma kesi ya Hoffman Plastic, 2002. Kibarua aliyetumia cheti cha mtu mwingine aliachishwa kazi kwa kuunga mkono chama cha wafanyakazi. Kampuni ilivunja sheria, lakini Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilimnyima fidia ya mishahara: eti kumlipa kungepingana na sheria ileile ya 1986.

Jiulize, ndugu msomaji: bosi mjanja kesho atamtaka nani? Faini peke yake haitoshi. Kibarua naye aweze kudai haki yake.